Mama Kipimo Anakabidhi Kompyuta Mbili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuambiwa kila asubuhi kwamba mtandao ni mbovu, fundi wetu wa mtandao, Mama Kipimo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Uongozi umeniomba niandike wasifu mfupi, wa heshima, usio na maneno maneno. Nitajitahidi.

Alianza kazi ofisi nzima ikiwa na kompyuta nne na wakurugenzi watano. Jina lake alilipata mapema, maana hakuamini lalamiko kabla ya kulipima. Kompyuta moja aliiweka masjala ipokee data, nyingine ghorofa ya tatu itume. Akaandika amri ya mstari mmoja kwenye skrini nyeusi, akasubiri sekunde kumi. Tarakimu za kasi zikishatoka, ubishi umekwisha. Ndivyo alivyogundua kwamba ile hujuma ya mtandao iliyoundiwa kamati tatu ilikuwa waya uliokandamizwa na kiti cha mwenyekiti wa kamati.

Fahari yetu kubwa ilikuja mwaka jana, yeye akiwa likizo. Uongozi ulitangaza kwa vifijo kwamba mtandao una kasi mara arobaini ya ile anayopima yeye, hivyo kitengo chake kifungwe. Kipimo hicho cha kihistoria kilichukuliwa na mtu aliyefungua madirisha mawili kwenye kompyuta moja, ikajitumia data yenyewe. Hakuna waya uliopitiwa. Ni kama mtu ajisalimie kwenye kioo, kisha asifu ukarimu wa majirani.

Aliporudi, alipima upya mbele ya wakubwa, kwa kompyuta mbili, na kitengo kikanusurika. Wakubwa, kwa busara zao, wakataka jina la aliyewaaibisha. Mama Kipimo akajibu, "Kosa ni la kitengo changu. Andikeni jina langu." Wakaandika. Ndiyo barua pekee ya onyo katika faili lake.

Aliyekosea ni mimi. Siku ile niliufyata, na aibu hiyo sijaizoea hadi leo. Naomba uongozi uihamishie barua ile kwenye faili langu kabla ya tarehe 30, ili atoke na faili safi kama alivyoingia.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na majirani wasiojua kwamba unaelewa kompyuta. Nafasi yako haitajazwa, kwani uongozi umeona mtu mmoja aliyebaki kitengoni, yaani mimi, anatosha. Kwa hiyo nitaiwasha kompyuta ya masjala, nipande ngazi hadi ghorofa ya tatu, nipime. Zote mbili, Mama.