Medali ya Marehemu Baba

Nereida: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Evaristo: Mimi, dada. Varo.

Nereida: Varo! Tangu asubuhi nakupigia, simu yako—

Evaristo: Hapa kazini wametunyang'anya simu sote, roketi ilipolipuka tu. Hii ya dereva wa lori la maji. Nimejibanza nyuma ya matangi.

Nereida: Umeumia?

Evaristo: Hakuna aliyeumia. Ninyi je?

Nereida: Dirisha la jikoni limekwenda. Mchanga uliorushwa na roketi umetunyeshea mji mzima wa Brownsville, mpaka kwenye sufuria ya maharage. Paka wa jirani, Doña Licha, hajulikani aliko.

Evaristo: Watu wanasemaje?

Nereida: Watasemaje? Watalii huko ufukweni wanashangilia kama wameona fataki. Kinyozi wa hapa kona kashabandika tangazo: "Kwangu hakiungui kitu."

Evaristo: Mshenzi yule! Lakini hata hapa walipiga makofi, Nereida. Wakubwa! Dude linapasuka angani, wao wanakumbatiana. Eti tumejifunza. Miezi kumi na minne nachomelea mabomba yale, mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko, halafu mtu apige mako—

Nereida: Punguza sauti, we! Si umesema umejibanza?

Evaristo: (kwa sauti ya chini) Mama yuko wapi?

Nereida: Sebuleni, na wageni.

Evaristo: Wageni gani?

Nereida: Wa televisheni. Binti mmoja na mwenzake wa kamera. Wanapita nyumba hadi nyumba kuuliza watu wamelionaje. Mama kashawamiminia kahawa.

Evaristo: Dada. Amewatajia medali?

Nereida: Medali ipi? Ile ya Bikira Mtakatifu, ya marehemu Baba? Si alikupa uende nayo kazini?

Evaristo: Niliibandika ndani ya roketi.

Nereida: Ndani wapi?

Evaristo: Karibu na injini, nyuma ya bomba la mafuta. Mama alinisihi wiki nzima. Baba alivuka mto wa mpakani nayo, akavuna vitunguu miaka thelathini nayo, akafa kitandani kwake. Basi na dude lenu, anasema, Bikira atalibeba.

Nereida: Sasa kosa liko wapi hapo?

Evaristo: Kule ndani hakiruhusiwi hata kifuniko cha kalamu! Tukitoka, tunahesabiwa spana moja moja. Kitu kikibanduka, kikanyonywa na pam— (mkwaruzo)

Nereida: Unakatika. Kikanyonywa na nini?

Evaristo: Na pampu! Injini inazima. Na leo zimezima tatu, upande mmoja. Upande wangu.

Nereida: Mungu wangu. Kwa hiyo ni medali?

Evaristo: Sijui! Huenda ndiyo, huenda siyo. Vipande viko chini ya bahari, nani atanijibu? Lakini wanatuhoji mmoja mmoja, na wakisikia neno medali, nimekwisha. Kazi imekwenda, na kesi juu. Mzuie Mama!

Nereida: Ngoja. (hatua) Kamera imeshawashwa, Varo. Ameshika picha ya Baba.

Evaristo: Anasema nini?

Nereida: Anasema... "Mwanangu ni fundi kule. Nilimpa medali ya baba yake ailinde roketi." Sasa binti anamuuliza kama uliiweka kweli—

Evaristo: Mwambie sikuiweka!

Nereida: Nimdanganye Mama mbele ya watu?

Evaristo: Mwambie ilinidondoka kwenye maegesho ya magari, nikaona haya kumwambia. Haraka, dada, nakuomba!

Nereida: (kwa mbali) Mama, samahani. Ni Varo. Anasema hakuiweka... Ilimdondoka, Mama. Kwenye maegesho.

Evaristo: Haloo? Nereida?

Nereida: Nipo. Amevua miwani.

Evaristo: Na kamera?

Nereida: Inamtazama tu.

Evaristo: Anasema nini? Sema!

Nereida: Anasema ndiyo maana limeanguka.

Evaristo: Nini?

Nereida: "Bikira hakuwamo. Limeanguka kwa sababu ya mwanangu." Anataja jina lako, Varo. La kwako na la ukoo. Anawaomba radhi wenzako wote, na wake zao.

Evaristo: Zima hiyo kamera!

Nereida: Nitaizimaje? Kijana wa kamera anatabasamu kama kaokota dhahabu.

Evaristo: Mwambie Mama—

Nereida: Nimwambie nini? Kwamba ilikuwamo?

(mkwaruzo)

Evaristo: Usimwambie kitu. Dereva anataka simu yake. Na pale mlangoni wanaita majina ya kuhojiwa.

Nereida: Varo, usikate. Anakuuliza ilidondoka upande gani wa maegesho.

Evaristo: Kwa nini?

Nereida: Anavaa viatu. Anataka kwenda kuitafuta.

Evaristo: Mwambie barabara ya kuja huku imefungwa!

Nereida: Nimemwambia. Anasema atakaa kwenye kizuizi mpaka wafungue. Wale wa kamera wamesema watampeleka na gari lao.

Evaristo: Dada, mshike.

Nereida: Nimemshika mkono, anajinasua. Upande gani, Varo? Mjibu basi, hata uongo.

Evaristo: Karibu na geti. Upande wa kushoto. Naitwa mimi, dada, nakwen—