Historia ya Marehemu Fundi Taratibu na Bomba la Vumbi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mtoto wake wa kwanza, na familia imenipa jukumu zito la kuwasomea safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1967 akaajiriwa katika karakana ya samani, ambako alijifunza kuunda picha kwa vipande vya mbao za rangi mbalimbali. Plaiwudi nyembamba ndiyo iliyompa sifa, aliibana katikati ya vipande viwili vya mabaki ya mbao ili isichanike upande wa chini, akaikata kwa msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba kama uzi, na mteja mwenye haraka, baba alimwambia akanunue picha ya karatasi.

Tarehe 12 Septemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1988 bomba dogo la kupulizia vumbi kwenye msumeno lilikatika, na kwa kuwa vumbi lilifunika mstari wa penseli, mama alikaa upande wa pili wa meza akawa analipuliza kwa mdomo, jambo ambalo baba alilisimulia kwa majivuno, akisema pumzi ya mkewe haili umeme, nasi sote tulicheka. Mama alipuliza kwa miaka ishirini na mitano. Alifariki tarehe 9 Mei 2013 kwa maradhi ya mapafu, na wiki moja baada ya mazishi baba alinunua bomba jipya, akalifunga kwa dakika kumi.

Kuanzia hapo alikata bila barakoa, tukamsihi, hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mwezi Agosti 2021 alianza kukohoa damu, akalazwa mara nne, na akafariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 73. Siku chache kabla, aliagiza historia yake iseme kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yetu. Wajomba walikubali, shangazi zetu walikataa katakata, na kikao cha familia kilivunjika mara mbili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili.

Baba, tumesoma kama ulivyoagiza. Mama hakuwahi kukulaumu. Sisi watoto wako tulikulaumu, na ulikufa hatujakwambia kwamba tumekusamehe. Pumzika sasa kwa amani ambayo hatukukupa.