Saikal Omurzakova, Mshauri Aliyejifunza Kutolazimisha Jina

Jamaa na wakwe, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliovuka theluji ya njia ya mlimani ya Dolon kuja kutushika mkono, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, mimi ni Taalai, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu kaka yetu mkubwa hawezi kusoma bila kulia, nami naweza, nadhani.

Marehemu Saikal Omurzakova alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 wilayani At-Bashy, akiwa binti wa kwanza wa mzee Omurzak, mchungaji wa farasi, na mama Batma, akasoma shule hapo hapo kijijini hadi mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Naryn na kuhitimu mwaka 1982, na tangu utoto alikuwa mtu wa maswali, jamani, alikuwa akiuliza mpaka mama anamfukuza jikoni, "We mtoto, hebu nenda kawaulize kondoo, mimi umenichosha!"

Tarehe 20 Septemba 1985 aliolewa na shemeji yetu Kubat, wakajaliwa watoto wawili, Mirbek na Kunduz, na ukweni alishika desturi zetu zote, maana mke wa nyumba hamtaji baba mkwe kwa jina, wala kaka wakubwa wa mumewe, hata wakiwa hawapo, hivyo Saikal alimwita baba mkwe wake Babu wa Farasi Mweupe, na alipofariki mzee huyo mwaka 1999, Saikal alimlilia kwa jina hilo hilo.

Alifundisha shule hadi mwaka 1997, akaenda Bishkek kusomea ushauri nasaha kwa walimu waliotoka nchi za mbali, watu wema, wakamfundisha kwamba mteja akae kwenye kiti, macho kwa macho, mlango umefungwa, na kwamba anayeumizwa sharti amtaje anayemuumiza, asipomtaja hajawa tayari kupona, naye dada yangu akayameza yote hayo, akarudi Naryn mwaka 2001 na kufungua chumba chake cha ushauri.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini Gulsun, ambaye yumo humo kwenye hema la msiba pamoja na wanawake, aliniambia jana mbele ya watu, "Taalai, ukisoma habari zake ukaniruka mimi, utakuwa umesoma uongo, sema yote," kwa hiyo nasema.

Mwezi Desemba mwaka huo Gulsun aliletwa na mama mkwe wake, halali usingizi, hali chakula, mume yuko kazini Urusi, ana mimba na alama za kipigo mikononi, Saikal akafunga mlango, akamkazia macho, akamwuliza, "Nani anakupiga? Mtaje," Gulsun akainama, akaulizwa tena, akainama zaidi, kwani aliyekuwa akimpiga ni kaka mkubwa wa mumewe, na jina hilo halikuwa na njia ya kutoka kinywani mwake, na Saikal, aliyeishi miaka yote hiyo bila kulitaja jina la baba mkwe wake, hilo hakulikumbuka kabisa alipokuwa amekaa kwenye kiti cha mshauri, akamwambia mama mkwe, "Mrudishe nyumbani, aje tena atakapokuwa tayari kusema."

Gulsun hakurudi, alitoroka kwa miguu kwenye theluji kwenda kwa wazazi wake, akafika hai, mtoto wa tumboni hakufika.

Dada yangu alipopata habari alifunga chumba chake, akachukua kondoo wa kuombea msamaha, akaenda kwa wazazi wa Gulsun, akapiga magoti mlangoni na kusema kosa ni lake, wazazi wakampokea na kumpa chai, Gulsun akamgeuzia mgongo, na toka siku hiyo hadi anakata roho Saikal alitaka jambo moja tu kuliko yote, asamehewe na Gulsun, na kila mwaka alikwenda, na kila mwaka alirudi mikono mitupu, hapo ndipo nilipokuwa nikimwambia, "Dada, inatosha sasa," naye ananijibu, "Nyamaza wewe, hukuwepo chumbani."

Alipofungua tena chumba chake alitoa viti, akatandika kitambaa cha chai sakafuni, akapanga mabakuli kama watu wa nyumba wanavyokaa, wakubwa mbali na mlango, mkaza mwana karibu na birika, akamwambia mwanamke, "Hapa jina sitaki, nisogezee tu bakuli la yule unayemwogopa," na wanawake wakasogeza, wengi wenu mlioko hapa mnajua, mkapata pa kulala salama, ingawa jirani yetu Valentina, Mrusi, alipowekewa mabakuli alifoka, "Saikal, sikuja kuchezea vyombo, niulize nikuambie, ni Gennady, mlevi yule!" dada yangu akacheka mpaka machozi, akamletea kiti, na tangu hapo kila aliyeingia, awe Mkirigizi, Mwuzbeki au Mdungani, aliulizwa kwanza, "Kwenu jambo zito husemwaje?"

Mwezi Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, nasi, kama ilivyo desturi yetu kwa mgonjwa mahututi, tukamficha, tukasema ni nyongo, yeye akatuacha tuseme, ila siku moja msimu huu wa baridi alimwambia Kunduz, "Nyongo yenu hii itanimaliza kabla ya masika, mwanangu, lakini endeleeni, najua ndivyo mnavyonipenda," ah, tuliumia.

Mwezi uliopita Gulsun alikuja mwenyewe, hatukumwita, Saikal akamwuliza kwa sauti iliyokwisha, "Umenisamehe?" Gulsun akasema, "Usiniulize, dada," akachukua bakuli la mchuzi akamlisha mpaka akashiba, naye Saikal hakuuliza tena, na alipofariki tarehe 2 Februari 2024 alfajiri, Gulsun alisimama mbele ya wanawake wote akadai awe miongoni mwa waosha maiti, akamwosha nywele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Naryn na Bishkek, majirani mliosimamisha hema na kukaanga maandazi, Valentina aliyelala nasi siku zote hizi, na washauri wenzake wote, Mungu awalipe, pumzika kwa utulivu, dada yangu, umefanya kazi.

Kabla hatujamswalia desturi inanitaka niwaulize marehemu alikuwa mtu gani, nanyi mtajibu kila mmoja kwa kinywa chake, ila nawaomba, kama Gulsun hatajibu, mtu yeyote asigeuke kumtazama.

Basi nauliza: Saikal alikuwa mtu gani?