Gari Lisilo na Boneti

"Lile gari likitembea, mimi nitakula boneti yake."

Maneno hayo niliambiwa mbele ya wanaume wa ukoo wetu, tumekaa sengu, wanaume wote tukila pamoja kama ilivyo desturi yetu, mikono yote kwenye sinia moja la ugali. Aliyeyasema ni baba yangu mdogo. Jina silitaji. Mwenyewe anajijua, na leo amekaa pale karibu na dirisha. Mwingine akasema diploma yangu ya ufundi magari ingefaa kufungia maandazi. Wa tatu, ambaye hata baiskeli yake huwa anaisukuma tu, akauliza kama kule Dar nilikuwa fundi au mwosha magari. Wakacheka mpaka mchuzi ukamwagika.

Ndugu zangu wa kikundi, mmeniomba ushuhuda. Nitautoa, lakini msitegemee sauti ya upole. Hasira ninayo mpaka leo.

Kwanza mnijue. Nimesoma. Diploma niliipata kwa jasho langu, sikubebwa na mjomba wala na padri. Miaka tisa Dar es Salaam nimefungua injini ambazo wengine humu mnaziona kwenye simu. Kisha gereji ikafungwa, mwenye gereji akatoweka na mishahara yetu, nikarudi Mkumbi na begi moja na sanduku la spana. Hapo ndipo nilipoanguka. Nawaambia ukweli: nilirudi nikijiona mkubwa kuliko mlango wa nyumba ya mama yangu. Nikatundika kibao cha fundi. Miezi sita hakuna aliyeniletea hata pikipiki. Walimpelekea mtu aliyejifunza kwa kutazama!

Ndipo nikaliona lile pikapu. Wengi wenu mnalikumbuka, lilitumbukia korongoni na magunia ya kahawa nikiwa darasa la pili, likabaki hukohuko. Mwenyewe alishafariki, nikaenda kwa mjane wake.

"Shikamoo mama. Nalitaka lile gari."

"Marahaba. Lile kopo? Lichukue mwanangu, ila kuku wangu wanatagia humo."

Nilitaka kulichonga. Nikate paa, nishushe pua, niweke injini nyingine iliyo wazi, watu waione ikipumua. Magari ya namna hiyo vijana wa mjini hujengewa kwa mamilioni. Mimi ningelijenga kwa vyuma chakavu, na kila ambaye lingempita angejua fundi ni nani. Lile lingekuwa bango langu. Likishindikana, ningefunga sanduku la spana na kukubali kwamba nilikuwa mwosha magari.

Sasa, korongo lile diploma hailipandi. Linahitaji watu na kamba. Nikaita ngokela. Walimu na watumishi mliotoka mikoa mingine, ngokela ni hivi: unaita watu, wanakufanyia kazi siku nzima, mnakunywa pombe, na siku ya kazi yao wewe unakwenda. Mimi niliifanya kisomi. Nikaweka kreti mbili za soda na bahasha yenye posho ya kila mtu.

Ndugu zangu, hakuja mtu! Nilikaa pale tangu asubuhi hadi jua la mchana. Alikuja mama yangu peke yake, amebeba kamba ya mbuzi.

Nikasema mna wivu. Nikawatukana, ndiyo, nyote, kwa Kimatengo na kwa Kiswahili. Nikafunga winchi kwenye mti nivute mwenyewe. Mti uling'oka. Pikapu likateleza chini zaidi, likalaza mibuni sita ya yule mama, na mimi nikavunjika kifundo cha mkono. Nikabaki nimekaa kwenye tope, nalia kwa hasira, diploma yangu iko nyumbani ukutani.

Mjane akashuka. Nilijua anakuja kudai mibuni yake. Akanifunga mkono kwa kipande cha kanga, akaniuliza, "Tangu urudi, umefyeka shamba la nani?"

Nikaanza kukung'uta tope kwenye suruali.

"Mama yako akilima, wewe huwa unaamka saa ngapi?"

Nikageukia pikapu kule chini.

"Basi hawa unaowatukana wakujie kwa lipi? Mkono ukipona, njoo na panga. Anza na kwangu."

Hapo ndipo nilipogeuka, na wala sikugeuka kwa furaha. Niligeuka nimenuna. Machi ilipofika nikaenda. Mnajua kazi ya ngoro, yale mashimo yetu ya mashamba ya mteremko: wanaume tunafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake wanachimba katikati na kuzifunika udongo. Mimi mtu wa kupima valvu kwa unene wa wembe nikashindwa kunyoosha nyasi!

"Fundi," wakanipigia kelele akina mama, "mraba wako mbona una kona tano?"

Nilikwenda mashamba sita. Nyumba sita tu. Lakini maharage yalipovunwa, nikaita tena, na safari hii mama alipika pombe. Walikuja watu ishirini. Na mbele kabisa kwenye kamba alikuwa baba mdogo, yule wa dirishani.

"Nimekuja kushuhudia likishindikana," alisema, huku bega lake limeshaingia kwenye kamba. Kufikia saa sita pikapu lilikuwa barabarani.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, na hapa naomba nijisifu maana hamtanisifu. Paa nililikata shubiri nzima. Injini niliitoa kwenye basi dogo lililokufa Songea. Ekzosi ni mabomba ya maji. Viti ni benchi la kanisani lililovunjika. Breki nilizirudia mara tatu, kwa sababu mteremko wa kwenda Mbamba Bay hausamehe. Siku nilipolishusha mpaka ziwani na kulipandisha tena bila kupumzika, vijana wa kule walikimbia pembeni wakipiga mbinja. Wiki ile ile nikapata wateja wanne.

Boneti haikuhitajika. Niliibeba kichwani, nikaitupa mlangoni kwa baba mdogo. "Shikamoo baba. Karibu chakula." Hakujibu hata marahaba.

Nikadhani nimeshinda. Machi nyingine ikaja, na wale ishirini, ukiondoa sita niliokwisha kuwafyekea, kila mmoja alikuwa ananidai siku yake. Gereji imejaa. Nikaajiri vibarua wawili, nikawatuma kwa baba mdogo. Kabla ya chai wamerudishwa na ujumbe: "Mwambieni mimi nilikuja mwenyewe. Sikumtuma mtu."

Nilipiga teke ndoo ya oili! Kisha nikachukua panga.

Nilimaliza siku kumi na nne, nyumba kwa nyumba, gereji imefungwa. Nawashukuru wote mlionivutia kamba, hata mliokuja kucheka. Namshukuru mama kwa kamba yake ya mbuzi, na yule mama aliyenifunga mkono. Na ninyi vijana mnaorudi na vyeti, sikilizeni. Chuo kilinifundisha gari zima, lakini kuita watu sikufundishwa. Mtu hukuletea bega lake akishaliona lako shambani kwake. Fedha yako hapo haina kazi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya baba mdogo. Gari langu liko juu barabarani, mimi niko chini kwenye nyasi. Nilipolaza mraba wa mwisho akaukagua, akanyoosha upande mmoja kwa mguu. Kisha akaniita kivulini. Ile boneti ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa, imelazwa juu ya mawe manne, na juu yake ugali na maharage.

"Mbele ya watu nilisema nitakula," akasema. "Nawa mikono. Hudaiwi tena."

Nilikaa. Nilikuwa bado nimekasirika. Nikala.