Serafina Wanja Muthamia, Aliyekagua Mikono ya Kila Mtu

Wengi mliofika hapa Timau leo kumzika Mama Mwirigi mliwahi kusimamishwa naye mlangoni, mkageuza viganja, mkaambiwa mrudi mkanawe tena. Hata mchungaji anajua. Kwa hiyo hatutamsifu kana kwamba alikuwa mtu laini. Marehemu hakumwamini mtu kirahisi, na sisi jamaa zake tumekubaliana jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu lilimlinda mtoto wetu na pia nusura limmalize.

Serafina Wanja alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 karibu na soko la Kianjokoma, Embu, akiwa binti wa marehemu Mzee Njoka na marehemu Ciarunji. Kaka yake Njue, aliye nasi hapa, hukumbuka kwamba wageni wakileta maziwa, Wanja aliyanusa kwanza mbele yao, bila haya. Alichapwa kwa ajili hiyo, na akaendelea kunusa.

Alisoma Kianjokoma hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1971. Mwalimu wake wa hesabu alimwita Tomaso, maana hakukubali jibu la ubaoni mpaka apige hesabu mwenyewe upya.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Stephen Muthamia, dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya huku Timau. Kwao Embu alikuwa ameonywa ajihadhari na vyakula vya ugenini. Siku ya kwanza mama mkwe alipompa uji, bibi harusi aliushika tu, kisha akasema, "Mama, onja kwanza." Mama mkwe akanywa mafunda mawili, akapangusa midomo na kusema, "Huyu atakaa. Hatadanganywa na mtu." Yeye na Stephen walipendana mpaka kifo kilipowatenganisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwirigi na Purity. Mzee Muthamia alitutoka mwaka 2003.

Mwaka 1994 marehemu aliajiriwa katika shamba la mboga hapa Timau, akipakia mishiri, yale maharagwe mabichi yanayopelekwa ng'ambo. Baada ya muda akawekwa mlangoni mwa banda la kupakia, akague mikono ya kila anayeingia: kucha fupi, sabuni hadi kwenye kiwiko, bila pete. Meneja naye alikaguliwa. Kazi hiyo ilimkaa mwilini kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Tarehe 17 Agosti 2009, mjini Meru, Purity alijifungua msichana mwenye mgongo wazi. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akapona kidonda, akapewa jina la nyanya yake: Maxine Wanja. Maneno yalianza mara moja. Kuna waliosema ni kiapo kilicholiwa zamani katika ukoo, sasa kinamrudia mtoto. Marehemu aliwafuata mmoja mmoja nyumbani kwao, akawauliza wamesikia kwa nani, na wengi wakagundua wana shughuli nyingine.

Purity alikuwa amepanga chumba mtaani Majengo, ambako choo kilitumiwa na wapangaji wote wa ploti. Marehemu alikwenda kuwatembelea, akaingia chooni, akatoka, akaanza kukunja nguo za mtoto. "Purity, hicho choo sijakiamini," alisema, na jioni hiyo Maxine alilala Timau.

Muuguzi wa kliniki, Sista Ciakuthii, alieleza kwamba mishipa iliyoumia mgongoni hufanya kibofu kisijimalize. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na maambukizi yakipanda huharibu figo. Dawa yake ni kuutoa kwa mrija mwembamba kila baada ya saa nne, kwa mikono safi, na mtoto anywe maji ya kutosha mchana kutwa. Mrija marehemu aliukubali. Kuhusu kunawa mikono, yeye ndiye aliyemfundisha sista. Alichokataa ni maji.

"Sista, huyu mtoto anajikojolea shuleni, wenzake wanamcheka. Sasa ati nimwongezee maji? Wewe uko na jambo lako."

"Mama, maji ndiyo inasafisha kibofu."

"Sawa. Tutaona."

Hakuona, kwa sababu alikuwa ameshaamua. Alimpa Maxine kikombe kimoja tu asubuhi, akampeleka shule akiwa mkavu, akafurahi. Julai 2017 mkojo wa mtoto ulikuwa mzito, una ukungu na harufu kali. Homa ilipanda hadi akaanza kuweweseka. Akalazwa Meru, na alipotoka, figo yake moja ilikuwa imebaki na kovu. Tuliokuwepo wodini tuliona marehemu akimimina maji kwenye gilasi, akamnywesha mjukuu wake polepole mbele ya Sista Ciakuthii. Yeye ambaye hakujua kuomba msamaha, aliomba hivyo. Sista alielewa, na leo ameketi na familia.

Kuanzia hapo alishuku vitu vinavyostahili. Alishuku homa ndogo, harufu ngeni na beseni lililotumika kwa kazi nyingine. Chupa ya maji iliyokwenda shule ilipaswa kurudi tupu, na akauliza pia kama ni Maxine aliyeinywa au ni maua. Alishuku mafua yetu sote. Maxine alipofika miaka tisa alijifunza kujitoa mkojo mwenyewe kwa kutumia kioo kidogo, naye shosho, yaani nyanya yake, akasimama nje ya mlango akisikiliza bomba la maji. Figo hazikuguswa tena, na kwa hilo tunamshukuru Mungu na tunamshukuru yeye.

Lakini mtoto alikua, akachoka kuchungwa. Mwaka jana alisema ameshakwenda kujitoa mkojo, marehemu akaigusa sabuni, akaikuta kavu. Tulisikia mazungumzo yao kutoka jikoni.

"Shosho, utanichunga mpaka lini?"

"Mpaka nikuamini."

"Na hiyo ni lini?"

Marehemu alitoka. Alikaa nje muda mrefu siku hiyo, na tunajua aliogopa.

Oktoba 2024 alianza kuumwa tumbo. Hospitali ya kwanza ilisema ni saratani, akadai ya pili, kisha ya tatu. Zote zilipokubaliana alikasirika kidogo, halafu akatulia. Alimwita Mwirigi kando ya kitanda, akamwagiza kwamba katika maziko yake, saa sita mchana, ambayo ni saa ya mrija wa Maxine, ibada isimame kidogo. Mwirigi alimwambia mama yake kwamba Maxine ni mkubwa sasa, anaweza kutoka mwenyewe. "Mbele ya hawa watu wote? Ataketi hapo mbele na familia na ajizuie sababu ya aibu. Namjua. Ana jina langu." Alifariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025 alfajiri, akiwa ameshika mkono wa Purity, ambao tunaamini alikuwa ameukagua.

Ameacha watoto wake Mwirigi na Purity, kaka yake Njue, na mjukuu wake Maxine Wanja, aliyetuliza moyo wake na kuusumbua kuliko sisi wote.

Maxine alisoma wasifu huu kabla haujachapwa. Alifuta mstari mmoja, ambao hamtausikia. Kisha akaomba yale mapumziko ya saa sita yatolewe kwenye programu. "Msisimamishe kitu," alisema. "Saa yangu ikifika nitainuka, hata kama mchungaji anaomba, hata kama jeneza linashuka. Na waambieni ni kwa nini, wasijifanye hawajui." Kwa hiyo mtakapomwona akipita katikati yenu na mkoba wake wa buluu wenye mrija, mpisheni njia. Maji na sabuni viko tayari nyuma ya nyumba.

Wanja wa Njoka, pumzika kwa amani. Usiamke kuangalia.