Kitengo cha Skonzi na Kochi la Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Meneja Mkuu wa kiwanda cha mikate na, kwa bahati yake mbaya, bosi wangu. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Walimu wetu, akiwemo Mwalimu Nukta, ambaye jina hilo nalitamka mbele yake kwa mara ya kwanza. Wazazi, walezi, na ninyi waume mliopasha chakula wenyewe kwa miaka miwili. Wahitimu wenzangu mnaoniita Shangazi: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wahitimu wa Uhasibu wa Gharama na Menejimenti, ngazi ya kati. Nimeambiwa nitumie dakika saba, niwe na adabu, na nisilete mambo ya kazini. Hizo dakika saba nitajitahidi.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mtunza stoo. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea unga, sukari na hamira, na nimejua nani kachukua nini kabla hajafika mlangoni. Nilijiandikisha hapa nikiwa na miaka arobaini na nne, na sababu yenyewe si ya kujivunia. Siku moja nilitumwa kupeleka ripoti ya uhasibu ofisini kwa meneja. Nikaifungua kwenye ngazi, nikaisoma yote, na sikuelewa hata mstari mmoja. Jamani, mtu mpenda habari kama mimi, kushika siri mkononi na kushindwa kuisoma? Wiki iliyofuata nilikuwa hapa chuoni nauliza ada.

Jaribio la kwanza nilipata thelathini na nne. Binti yangu, aliyekuwa mwaka mmoja mbele yangu hapa hapa, aliipitia karatasi ile kwenye meza ya nyumbani, kisha akaniuliza kwa upole kama nilisoma maswali, au nilijibu yale niliyoyapenda tu. Wazazi mliokaa huko nyuma, mnaujua uchungu wa kufundishwa na mtu uliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Mwalimu Nukta naye alikuwa amenikata alama tano kwa nukta moja ya desimali iliyokaa mahali pasipo pake. Nilimwambia ni nukta ndogo tu. Akajibu kwamba kwa nukta hiyo ndogo nimeagiza unga wa miaka kumi.

Sasa nafika kwenye jambo nililokatazwa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye msimamizi wa kitengo cha skonzi kiwandani kwetu. Wakati huo alikuwa na kina mama kumi chini yake. Mwaka jana, katikati ya muhula wa pili, tangazo lilibandikwa ukutani: kitengo cha skonzi kinaleta hasara, na kitafungwa baada ya siku thelathini. Katika kila mia inayoingia kwa mauzo ya skonzi, lilisema tangazo, mia na kumi inatoka.

Wifi alikuja stoo na aproni yake kiunoni. Hakulia, yeye si wa kulia. Aliniuliza, "Wifi, wewe si unasomea haya mambo? Haya, niambie tumekosea nini." Nikaanza kuhesabu upya magunia niliyokwisha kuyahesabu. Aliondoka akisema ada niliyolipa ingetosha kuezeka jiko upya.

Kesho yake darasani nilinyoosha mkono, nikasema nina rafiki yangu mwenye shida katika kiwanda fulani. Darasa zima likacheka, maana nilikuwa nimevaa fulana ya kiwanda. Nilidhani Mwalimu Nukta atanipa jibu niende nalo. Hakunipa. Aliniagiza nirudi kwa huyo rafiki yangu, nichukue karatasi, niipige mstari katikati: upande mmoja niandike gharama zitakazoondoka siku kitengo kitakapofungwa, na upande wa pili zile zitakazobaki hata kama hakuna skonzi hata moja itakayookwa tena.

Ndugu zangu, kazi hiyo ilinichukua siku tisa. Niliona kwamba kitengo kile kinabebeshwa sehemu ya kodi ya jengo, ya walinzi, ya mafuta ya gari la meneja, na hata ya mshahara wa meneja mwenyewe. Na mzigo huo uligawanywa kwa ukubwa wa eneo: mwenye ukumbi mkubwa analipa zaidi. Skonzi walikuwa na ukumbi mkubwa kuliko wote. Nikachukua utepe wa kupimia, nikaingia kuupima. Nusu ya ukumbi haikuwa na skonzi kabisa. Palikuwa na tanuri bovu, viti vilivyovunjika, na kochi moja la ngozi lililotolewa ofisini kwa Mheshimiwa alipoletewa jipya. Kwa miaka minne, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kochi lako lililipiwa kodi na kina mama wa skonzi.

Naona Mkuu wa Chuo anatazama saa. Namalizia.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Ilionyesha kwamba katika kila mia, skonzi zinaacha thelathini na nane za kusaidia kubeba mizigo ya kiwanda. Nikampelekea Mwalimu Nukta nikiwa natabasamu njia nzima. Aliisoma akiwa amesimama koridoni, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Umeme wa matanuri ya skonzi nilikuwa nimeuandika kwenye gharama zitakazobaki. Lakini tanuri likizimwa, umeme wake unabakia wapi? Nilijitetea kwamba ni kitu kidogo, na kwamba wenye kitengo wana shida. Akanirudishia karatasi, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Hiyo namba inakupendeza. Ndiyo maana hukuikagua."

Nilimchukia hadi nikafika nyumbani. Kisha nikakaa na binti yangu, tukaifuta thelathini na nane, tukaandika thelathini.

Siku ya ishirini na sita niliingia ofisini kwa Mheshimiwa. Mhasibu mkuu alikuwepo, na swali lake la kwanza kabisa, kabla sijaketi vizuri, lilikuwa kuhusu umeme wa matanuri. Mwalimu, hapo ulipokaa, pokea heshima zangu. Nilimwonyesha mstari ulipo. Akautia alama ya vema kwa kalamu yake. Nikaeleza kwamba katika kila mia, sabini zinaishia kwenye unga, sukari, umeme na mishahara ya kina mama wenyewe, na thelathini zinabaki. Arobaini wanazobebeshwa juu yake hazitaondoka wakiondoka wao. Zitahamia kwenye mkate. Tukifunga, hatuikwepi hasara ya kumi, tunazitupa thelathini.

Mheshimiwa aliigeuza karatasi, akaitazama na upande wa nyuma. Kisha akauliza, "Na kochi nalo umelipima?"

Nikamjibu, "Mita mbili na robo, Mheshimiwa."

Hakucheka. Aliniambia niiache karatasi nikaendelee na kazi. Siku tatu sikula vizuri, na wifi hakunisemesha. Siku ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, vijana wa mizigo walilitoa kochi ukumbini, na tangazo likabanduliwa. Kitengo kilipewa miezi sita ya kuangaliwa. Leo ni mwezi wa kumi na nne, na skonzi mtakazokula baada ya sherehe hii zimetoka huko.

Sitawadanganya kwamba wote walipona. Kina mama wawili walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi kwingine kabla ya siku thelathini kuisha, na hawakurudi. Wamebaki tisa, wifi akiwa mmoja wao. Laiti ningejifunza wiki mbili mapema.

Mtihani wa mwisho nilipata sitini na moja. Ingekuwa sitini na sita, lakini mnamjua mwalimu wetu.

Mheshimiwa, nakusifu mbele ya watu hawa wote, na safari hii sitanii. Wangapi wangesomewa hesabu na mtunza stoo wao, wakabadili neno walilokwisha kulisaini? Wiki iliyopita uliniita, ukanipa nafasi katika ofisi ya uhasibu, nikakuomba muda wa kufikiri. Nimefikiri. Jibu langu ni ndiyo.

Nami faili langu la kwanza nimeshaliandaa. Ni la mishahara ya kina mama tisa wanaofanya kazi ya kumi na mmoja, na ambao hawajaongezwa chochote kwa miaka mitano sasa. Namba zake nimezikagua mara tatu, hasa zile zinazonipendeza. Usijibu sasa, hii ni sherehe, na mashahidi wako mia mbili na zaidi. Nitagonga mlango wako Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Kwa haya, ambayo dakika saba hazikuyatosha, nawashukuruni nyote mlionipa masikio yenu.