Mama Sindano, Aliyeshona Matumbawe

Kruu… kruu… kruu.

Wasikilizaji wapendwa, huo ndio mlio uliomwamsha mama mmoja kijana gizani, kabla hakujapambazuka. Pampu ya tangi la maji ya chumvi ilikuwa inakwama. Nyumba ile ilizoea sauti ya maji yakichuruzika taratibu, kama mtu anayemimina chai isiyokwisha. Alfajiri hiyo maji yalikuwa kimya. Na mwenye tangi alikuwa hospitalini.

Mwenye tangi ndiye tunayemkumbuka leo. Mama Sindano. Fundi cherehani, mke, mama, bibi. Alishona magauni ya maharusi, na alishona matumbawe.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Matumbawe.

Tangi lile aliachiwa na mteja aliyehama. Ndani mlikuwa na tumbawe laini moja, dogo kama kifungo cha koti, lenye umbo la uyoga. Juu ya kofia yake vilicheza vinyweleo vingi ambavyo mjukuu aliviita vidole. Ukiligusa, linaficha vidole vyote na kukunja uso siku kadhaa. Basi wakaliita Bi Kununa.

Bi Kununa akanenepa hadi akajaa sahani. Mama Sindano akataka kumzalisha. Tumbawe laini huzalishwa kwa kukatwa: kipande kikipona, kinakuwa tumbawe jipya. Akakata, akakibandika kipande kwenye jiwe kwa gundi. Kikateleza. Akabandika tena. Kikateleza tena, maana kina utelezi kuliko bamia. Akasonya, akachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, akatunga uzi, akakishonea kipande jiweni, uzi ukilizunguka jiwe.

Mumewe, fundi saa, akachungulia mlangoni.

"Mke wangu, sasa unawashonea samaki? Na suruali yangu je?"

"Suruali yako inasubiri kwa adabu. Na wewe iige."

Kipande kikashika. Tangu hapo watoto wa Bi Kununa wakaenda kwa majirani, wakafika hata kwa daktari wa meno, pale wagonjwa wanapongojea zamu.

Kila mara Mama Sindano alipokata, mke wa mwanawe ndiye aliyeshika bakuli. Ni huyo huyo mama kijana aliyeamshwa na pampu. Alifundishwa uzi ukazwe kiasi gani. "Kama kifungo cha shingoni kwa mtoto," mkwewe alimwambia. "Kishike, kisinyonge." Lakini mkasi hakuwahi kuushika. "Kesho utakata wewe," Mama Sindano alisema. Kesho ikazaa kesho.

Sasa, alfajiri ile. Aliisafisha pampu kwa siki mpaka ikazunguka. Lakini ilikuwa imezorota siku kadhaa, watu wote wakishinda hospitalini, na shina la Bi Kununa lilikuwa limeanza kuoza.

"Litoe, mwanangu," fundi saa alisema. "Likioza litaharibu maji, vife vyote vilivyomo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Halafu mwenyewe nitamwambia nini?"

Kulipokucha, mama kijana akapiga simu hospitalini.

"Mama, Bi Kununa amelegea shinani."

"Kofia bado ngumu?"

"Bado."

"Kata juu ya palipooza. Kata."

"Naogopa, Mama."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Kata huku unaogopa."

Akakata, wasikilizaji wapendwa. Akasuuza utelezi bakulini. Akachukua sindano iliyobaki kwenye ukosi wa blauzi ya mkwewe iliyotundikwa mlangoni, akaishonea kofia kwenye jiwe jipya. Uzi ukashika, haukunyonga.

Mama Sindano alifariki wiki ile ile. Hakuwahi kuona kama kipande kimepona.

Waombolezaji walijaa chumba cha cherehani. Bi Kununa alikuwa amesinyaa kama soksi iliyokamuliwa. "Kimekwenda naye," fundi saa akasema, akageuza kiti asikitazame. Lakini mama kijana alikumbuka kauli nyingine ya mkwewe: "Kilichokufa kinanuka. Kilichonuna hakinuki." Kila asubuhi aliinama juu ya maji, akanusa. Harufu ya chumvi tu. Akakiacha.

Kwa fundi saa, kwa wana, kwa mjukuu, na kwako wewe uliyeshika bakuli: poleni sana. Poleni kutoka mioyoni mwetu. Mungu awatie nguvu, naye Mama Sindano apumzike kwa amani.

Na wewe unayetusikiliza, tafakari. Kwako ni nani anayeshika bakuli tu, kila siku ukimwambia kesho? Mpe mkasi leo, ungali upo wa kumwambia hata wewe unaogopa.

Jana tulikwenda na kinasa sauti kwenye chumba kile. Maji yanachuruzika. Fundi saa amekaa palepale, mgongo kwa tangi. Mjukuu amepanda kwenye kigoda cha cherehani, pua kwenye kioo. Msikilizeni.

"Babu, vidole vimetoka."